Kashindi wa Lubarika na Kipa kutoka Bukavu

Juzi pale kwa fundi wa moto, hizi pikipiki zenu, karibu na kwangu Kilibula, mlikuwa mnabishana juu ya mchezaji mmoja wa Ulaya. Mmoja wenu alisema pesa waliyomnunulia ingetosha kutia lami barabara yote kutoka hapa mpaka Bukavu. Mwingine akasema ingebaki na ya madaraja. Mimi nilikuwa namsubiri mjukuu wangu atengenezewe breki. Ndipo mmoja akanigeukia: "Papa, wakati wenu wachezaji walikuwa wananunuliwa na nini?"

Nikamjibu, "Na chumvi."

Mlicheka wote, hata fundi aliweka spana chini. Sikuwa natania. Mchezaji wa kwanza niliyemleta Uvira kwa mikono yangu tulimtoa kwao kwa mfuko wa chumvi, kitenge kimoja na mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo wazee wa kwao waliimaliza kabla hatujafika kwenye maneno. Kwa kuwa mliuliza, nitawaandikia. Breki zenyewe zilichelewa, lakini siku ile kelele ya pikipiki ilikuwa nyingi na sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nilikuwa sekreteri wa ekipe moja, timu ya mpira ya hapa mjini. Tuliiita Mukeke, jina la samaki wa ziwa letu. Asubuhi nilifanya kazi katika depo ya pamba, na alasiri nilikuwa mtu wa mpira. Mnadhani sekreteri ni wa kuandika. Kuandika kulikuwa kidogo sana. Kazi kubwa ilikuwa kutafuta wachezaji, kuwaomba kwao, kuwaleta, na baada ya kuwaleta kuwalinda wasiibwe. Ndiyo, walikuwa wanaibwa. Mchezaji angeweza kwenda kuoga ziwani Ijumaa, na Jumapili ukamwona uwanjani amevaa jezi ya watu wengine, hana hata haya.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mama Feza. Komite ilikuwa na prezida, mtu wa heshima mwenye saa ya mnyororo, lakini sisi wote tulijua nani aliyeibeba ile ekipe. Mama Feza alikuwa mjane, mwili mkubwa, sauti ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani. Aliuza ndagala kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, katika masoko yote ya bonde la Ruzizi. Kila soko alijua nani amezaa, nani amefiwa, na mtoto wa nani anapiga mpira vizuri. Wachezaji waliotoka mbali walilala katika uwanja wa nyumba yake na kula bugali yake.

"Usiende kuomba mutoto siku ameshinda mechi," aliniambia. "Siku ile hata kuku ya kwao inapanda bei."

Akanifundisha nimtazame mchezaji wakati ekipe yake inafungwa. Ikishinda kila mtu anakimbia. Ikishaanza kufungwa, angalia nani anakwenda kuutoa mpira kwenye matete na nani anasimama mikono kiunoni. Halafu, usimalize maneno na baba peke yake. Baba atakubali jioni pamoja na kasiksi. Asubuhi mama atakuja na kanga begani kukurudishia kitenge chako. Anza na mama. Mweleze mtoto atalala wapi, atakula nini, akiumwa nani atamshika. Kama kuna kontra, karatasi ya mapatano, isome kwa sauti mbele yake, na kama Kiswahili hakimwingii, tafuta wa kuisoma kwa Kifuliiru.

Prezida wetu hakuwa na subira hiyo. Siku moja alikwenda mwenyewe Sange kumleta mshambuliaji aliyesifiwa sana. Alikwenda na kamyo, lori la rafiki yake, akarudi jioni ileile, kijana amekaa mbele pamoja naye kama bwana harusi. Kesho yake tukampa mpira. Alipiga hewa. Tukasema amechoka na safari. Akapiga tena, mpira ukaenda nyuma yake. Mpaka leo sijaelewa ulifikaje huko. Mama Feza alimtazama, akamwita kando, akamuuliza kwa upole, "Mutoto, weye uko na ndugu?"

"Niko naye," akasema. "Tulizaliwa sisi wawili, mapacha. Ule anapenda mupira. Minye napenda kushona."

Hakuna aliyemuuliza mapema, na yeye alidhani anapelekwa mjini kufundishwa ushonaji. Alibaki. Alitushonea jezi kwa miaka mingi, akaoa hapa hapa Kimanga, na wajukuu zake wengine ni ninyi mnaosoma haya. Ndugu yake aliyejua mpira alichukuliwa na Bujumbura, nasi tukabaki na mshonaji. Jezi zetu lakini zilikuwa nzuri kuliko za wote.

Kashindi tulimpata mwaka wa uhuru wenyewe. Yeye alikuwa wa Lubarika, kijana wa mashamba ya mpunga, mrefu, mnyamavu, anacheza miguu mitupu upande wa kushoto. Mara ya kwanza nilipomwona, ekipe yao ilikuwa imefungwa mabao mengi na mvua inanyesha. Wenzake walikuwa wanatazama mawingu, wakiomba mechi ivunjwe. Yeye alikuwa anauomba mpira. Alipoupata alipita watu kana kwamba matope yale yako chini ya miguu ya wengine tu. Alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona tena kwa mtu: mpira wake ulikwenda mahali alipotaka. Si upande aliotaka. Mahali. Angeweza kuugongesha kwenye ndoo uliyoiweka mbali, akakuuliza uiweke wapi tena.

Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake, Mama Kashindi, alitupokea chini ya paa la majani, akasikiliza maneno yetu yote, akatazama chumvi yetu.

"Chumvi iko," akasema. "Kitenge iko. Minye nataka bati."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama Feza alisikia vizuri.

"Bati ya nyumba yote?" akauliza.

"Mvua inanyesha mu nyumba yote."

Tukaenda, tukahangaika, tukarudi na bati juu ya kamyo ya kukodi. Mama Kashindi alikataa kumwachia mtoto mpaka bati la mwisho lipigiliwe msumari. Kijiji chote kilikuja kutazama. Wiki chache baadaye Mama Feza alimkuta sokoni, akamuuliza habari za nyumba. Alilalamika kwamba mvua inapiga kelele juu ya kichwa, hasikii tena usingizi, na kama angejua angeomba ng'ombe.

Hivyo ndivyo bei ilivyopanda, vijana wangu. Toka siku ile hakuna mama wa bondeni aliyetazama chumvi. Wote walitaka bati. Uhuru ulikuwa umekuja, wazungu wengi wameondoka, viti vya ofisi viko wazi, na kila mtu alikuwa anajaribu kujua sasa yeye ana thamani gani. Wachezaji nao vilevile. Kipa wetu aliomba cherehani ya mama yake. Beki mmoja akaomba kinga, baiskeli mpya yenye taa. Ekipe za Bujumbura zilikuwa zinatoa kazi ya kiwandani, za Bukavu zinatoa nyumba ya matofali. Komite ilikaa, ikakuna vichwa. Lakini ilikuwa furaha, siwafichi. Jumapili uwanja ulijaa kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, na Kashindi alipopokea mpira kule kushoto, watu walikuwa wanasimama kabla hajafanya lolote.

Basi, miaka kama minne baada ya uhuru, ndipo akaja Musiye Balagizi, Bwana Balagizi.

Alitumwa na ekipe moja kubwa ya Bukavu, kazi yake ileile yangu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na tai, miwani na mkoba wa ngozi. Mnene, mpole, umri wa kuwa na wakwe. Alikuja mchana, akabisha hodi kwa Mama Feza kama mtu anayeomba mchumba, jambo ambalo lilitupendeza, kwa sababu wengine walikuwa wanakuja kujificha nyuma ya soko na kuwaita wachezaji kwa miluzi. Akafungua mkoba, akaweka kontra mezani. Kashindi atapata kazi katika duka la vitabu, nyumba yenye umeme, na kinga. Ekipe yetu itapata godasi, viatu vya mpira, za watu wote na mipira ya ngozi.

"Na kamyo," Mama Feza akasema.

Prezida alikohoa. Balagizi akavua miwani.

"Kamyo, Mama?"

"Ya kubebea ndagala. Na wachezaji siku ya mechi. Muliuliza bei, Musiye. Bei iko hiyo."

Balagizi hakucheka wala hakukasirika. Alisema ataandika Bukavu na kusubiri jibu. Mama Feza akampa chumba katika uwanja wa nyumba yake, kile kilichotazamana na cha Kashindi. Alisema mgeni anayetaka kumchukua mtoto wako ni vizuri alale mahali unapomwona. Jioni Balagizi na Kashindi walikuwa wanakaa pamoja kwenye kibaraza. Mmoja alisimulia Bukavu, mwingine alisikiliza. Kashindi hakuwahi kusema anataka kwenda, wala kusema hataki.

Jibu halikuja. Kwanza tukasikia waasi wako milimani. Halafu tukasikia wako bondeni, barabara ya Bukavu imefungwa. Askari wa serikali wakaanza kupita wakielekea mpakani, wengine wamevaa mashati ya kiraia. Asubuhi moja waasi wakaingia Uvira wakiimba, majani yamefungwa vichwani, mikuki na bunduki chache. Wengi wao walikuwa vijana kama ninyi, vijana wa bonde hili na wa milima hii. Wengine niliwajua majina. Walikuwa na hasira ya kweli, sisemi hapana. Uhuru ulikuwa umewapita bila kuwasalimia. Lakini hasira ile ilikuwa inatafuta mtu, na mtu wa kwanza alikuwa mtu wa kalamu. Karani, mwalimu, mwenye tai. Walikuwa wanatazama mikono.

Mama Feza alikimbia kwanza kwa Balagizi. Alimvua tai, akamvua viatu, akachukua miwani na kuitumbukiza katika gunia la ndagala. Mkoba akauingiza jikoni chini ya majivu. Akamvika jezi ya kipa, ambayo haikufunika tumbo. Halafu akanigeukia mimi, sekreteri mwenye wino kidoleni, akanitwisha lundo la majezi machafu na beseni.

"Weye unafua," akasema. "Fua."

Nilikuwa nimeinama juu ya beseni walipoingia. Mkubwa wao waliyemwita Komanda alikuwa kijana mwenye ukanda wa ngozi ya chui kwenye paji la uso. Alinitazama, akatazama povu, akapita. Akasimama mbele ya Balagizi.

"Huyu ni nani?"

Balagizi alifungua mdomo. Kama angesema neno moja kwa Kifaransa chake cha ofisini, hadithi ingeishia hapo. Kashindi akatangulia.

"Iko kipa yetu, Komanda."

Komanda akamgeukia, na nikaona uso wake unabadilika. "Weye si Kashindi? Ule wa Lubarika?"

"Niko ule."

"Nilikuona ukicheza Sange." Kisha akarudi kwa Balagizi, akamtazama tumbo. "Kipa wa namna gani hii?"

"Anajaza goli," Kashindi akasema.

Vijana wengine wakacheka. Komanda hakucheka. Aliushika mkono wa Balagizi, akaugeuza kiganja juu, akakipitishia kidole. Kilikuwa laini kama cha mtoto.

"Twende uwanjani," akasema. "Kama ni kipa, adake. Kama si kipa, tutajua ni nani."

Nilifuata na beseni langu, sijui kwa nini sikuliacha. Uwanja ulikuwa karibu. Balagizi alitembea kama mtu anayepita kwenye maji, kwa sababu bila miwani alikuwa haoni vizuri hata mlingoti wa goli. Hilo nililijua mimi, alilijua Mama Feza, na Kashindi alilijua. Kashindi alipokuwa anamvalisha Balagizi glovu nilimsikia akimnong'oneza: "Papa, usiruke. Usitembee. Weka mikono mbele ya kifua. Minye nitakuletea."

Kashindi aliweka mpira chini. Nimeona penalti nyingi katika maisha yangu, nyingine nyingi zaidi nikiwa nimefunga macho, lakini ile niliitazama. Ilibidi apige kwa nguvu, kwa sababu Komanda alijua mpira, na mpira wa kubembeleza angeuona. Ilibidi apige kwa nguvu na ufike kifuani mwa mtu asiyeuona unakuja.

Ulifika. Nilisikia ule mlio, na Balagizi akarudi nyuma hatua moja huku ameukumbatia, uso wake umeshangaa kuliko wetu.

"Tena," Komanda akasema.

Mara ya pili Balagizi aliogopa. Nilimwona anaanza kuegemea kulia, na nikasema moyoni basi, amekwisha. Kashindi alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Sijui alivyofanya. Aliuona ule mguu wa mzee unaolegea, akageuza kifundo mwishoni kabisa, na mpira ukamfuata Balagizi kulekule kulia ukamkuta mikononi. Waasi wakapiga kelele ya kusifu. Walidhani kipa ameusoma mpira.

Komanda akamsogeza Kashindi kando. "Sasa minye."

Hapo hakukuwa na la kufanya. Mama Feza alinishika bega, kucha zikaingia. Komanda alivuta hatua, akapiga kwa hasira yake yote, na mpira ukaenda moja kwa moja kumgonga Balagizi usoni. Alianguka chali. Damu ilimtoka puani. Lakini alipoanguka mikono yake ilijifunga yenyewe, na mpira ulikuwa ndani yake, haukuvuka mstari.

Komanda alimsogelea, akainama akamtazama.

"Ni kipa mubaya sana," akasema. "Lakini haogopi mupira."

Hakuuogopa kwa sababu hakuuona. Walituacha, wakaondoka.

Tulikaa chini ya waasi miezi kadhaa. Balagizi ilibidi awe kipa kweli, kwa sababu Komanda alipenda kuja kutazama mazoezi. Kila alasiri alisimama golini, akafungwa, akaanguka, akaamka. Tumbo likapungua. Viganja vikakwaruzika vizuri. Ilifika siku akadaka mpira bila msaada wa mtu, akaangalia huku na huku kuona kama tumeona. Tulipata kumwuliza Kashindi kwa nini alijitia katika hatari ile kwa ajili ya mtu aliyekuja kumnunua tu. Alikuwa anakula. Alimaliza tonge.

"Alikuya hapa juu yangu," akasema. "Angekufa hapa juu yangu."

Baadaye jamaa wa Mama Feza aliyepeleka ndagala Bujumbura kwa mtumbwi alipata nafasi, akamchukua Balagizi kama mpiga kasia. Alipokwenda kuaga, Balagizi alimshika Kashindi mkono kwa muda mrefu. Mkoba wake ulitolewa majivuni ukafichwa chini ya ndagala, na miwani yake ikatolewa katika gunia. Ilinuka samaki, nasikia, mpaka aliponunua nyingine.

Halafu jeshi likarudi, na waasi wakarudi milimani. Sasa ilikuwa zamu ya hasira nyingine. Kila aliyeonekana na waasi alitajwa, na nani hakumwona Kashindi akicheka na Komanda uwanjani? Walikuja kumchukua akiwa anarekebisha paa la jiko la Mama Feza. Wakamfungia pamoja na wengine katika depo ileile ya pamba nilimofanya kazi. Kila siku tulipeleka chakula. Kila siku kulikuwa na wanawake mlangoni, na baadhi yao waliambiwa wasilete chakula tena. Mama Kashindi alitembea kutoka Lubarika, akakaa chini mbele ya ule mlango.

Nikamtumia Balagizi habari Bukavu kupitia dereva mmoja wa kamyo za kijeshi. Sikujua kama itafika. Prezida wetu alikuwa amekimbilia Bujumbura waasi walipoingia, hajarudi. Ekipe ilikuwa mimi, Mama Feza na mshonaji.

Balagizi aliteremka kutoka katika msafara wa jeshi amejaa vumbi, amevaa tai, mkoba uleule mkononi. Hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwa ofisa aliyekuwa na funguo za depo, mtu wa mbali asiyetujua, nasi tukamfuata. Akaweka kontra juu ya meza.

"Kijana huyu ni mchezaji wetu," akasema. "Ana kazi Bukavu, ana nyumba Bukavu. Nimekuja kumchukua."

Ofisa akasoma polepole. "Alicheza na waasi."

"Alinipigia mimi mipira, nami nikadaka, na bunduki zimeelekezwa kwetu. Kama huo ni uasi, nifungie pamoja naye."

Ofisa alimtazama tai, akamtazama pua, ambayo ilikuwa imepinda kidogo tangu siku ile. Akarudia karatasi. "Hapa hakuna sahihi ya ekipe ya Uvira. Mchezaji bado ni wao."

Balagizi akatugeukia. Nilimwona ana aibu. Alikuwa mtu wa kazi, kama mimi, na alijua anaomba nini. "Mama," akasema, "hatujamaliza maneno ya bei. Bukavu hawajanipa kamyo. Sikuja na kitu."

"Sekreteri," Mama Feza akaniambia, "andika."

Nikaandika. Chini yake nikatia sahihi yangu kwa jina la Mukeke. Ofisa akaitazama, akanitazama, akaita askari mwenye funguo.

Kashindi alitoka amekonda, kichwa kimenyolewa, macho yanakwepa jua. Mama yake alisimama, akamgusa uso, mabega, mikono, akashuka mpaka miguuni, akagusa mguu mmoja mmoja. Kisha akakaa tena chini.

"Tunaenda wapi?" Kashindi akaniuliza.

"Bukavu. Umehamishwa."

"Yaya, kaka yangu, minye sikuomba kuhama."

"Najua."

Aliondoka na msafara uleule. Nilirudi nyumbani kwa Mama Feza, nikafagia chumba cha Kashindi, nikakuta godasi zake juu ya dirisha. Alikuwa hajazizoea kamwe. Katika kazi yangu yote niliuza wachezaji wengi baada yake, kwa bati, kwa kinga, baadaye kwa pesa kama ninyi. Hakuna aliyeniacha na nyumba tupu namna ile.

Barabara ilipokuwa salama tena, ekipe ya Bukavu ikaja kucheza nasi. Mama Feza alimleta Mama Kashindi kutoka Lubarika. Huyu mama hakuwahi kumwona mwanawe uwanjani. Alikuwa anasema hawezi kukaa anatazama mtoto wake akipigwa miguu. Walikaa pembeni ya mstari, kwenye mkeka, na mimi nyuma yao nikieleza.

Kashindi alikuwa amejaza mwili. Alivaa godasi. Dakika za kwanza hakufanya kitu, nikadhani ameamua kutuhurumia. Halafu akapata mpira kule kushoto, upande wetu, na nikaona watu wa Uvira wanasimama, wote, kama zamani, wamesahau amevaa jezi gani. Alitupita. Aliupiga mpira ukaenda mahali. Bao. Uwanja mzima ukaanza kupiga makofi.

Mama Kashindi akageuka. "Sekreteri, si ametufunga?"

"Ametufunga, Mama."

"Sasa banapiga mikono juu ya nini?"

Mama Feza alikuwa amejifunika uso na kitenge. Walitufunga tena mara mbili siku ile.

Baada ya mechi wachezaji wa Bukavu walianza kupanda basi lao. Mama Kashindi aliinuka, akajipangusa, akaenda moja kwa moja kwa Balagizi.

"Musiye," akasema, "nipatie mutoto yangu siku kidogo. Mupunga imeiva na niko peke yangu."

Balagizi alieleza kwa adabu kwamba kontra inasema mchezaji anakwenda na ekipe na anarudi na ekipe, na kwamba Jumapili ijayo wana mechi kubwa. Mama Kashindi alimsikiliza mpaka mwisho. Alibaki amesimama palepale, na Kashindi nyuma yake, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

Balagizi akavua miwani, akaifuta na ncha ya tai.

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka tumalize kuvuna."

Akamtazama Kashindi, akamtazama mama. Kisha akapanda, akamwambia dereva, "Twende." Basi likaondoka, na kupitia kioo nilimwona amekaa peke yake mbele, mkoba magotini, karibu yake kiti kitupu.

Kashindi alifunga mzigo wa mama yake nyuma ya kinga niliyomwazima, akamtanguliza, wakaanza njia ya bondeni, yeye akisukuma, mama akitembea. Tulibaki barabarani tukiwatazama mpaka wakachanganyika na watu wanaotoka sokoni. Mama Feza alikunja mkeka wake.

"Sekreteri," akasema, "kesho asubuhi twende Luvungi. Banasema iko mama mumoja kule, mutoto yake anadaka."